Mdogo wangu ameruhusiwa kutoka wodi ya akili: akaishi wapi?

Mkazi wa Mji Kasoro Bahari:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wa watu wenye uzoefu, si maombi wala majina ya waganga, kwa kuwa hayo tumekwisha kupewa mengi. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 31 na amekuwa na ugonjwa wa skizofrenia, ule wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, tangu alipokuwa chuoni mwaka wa pili. Wiki tatu zilizopita aliruhusiwa kutoka wodini kwa mara ya nne. Anazungumza vizuri, analala, anaoga bila kuambiwa, na juzi alinitengenezea redio ambayo fundi wa mtaani ilimshinda. Anachomwa sindano ya dawa ya ugonjwa huo kila mwezi na anameza vidonge vya kuzuia mwili usikakamae.

Taabu yetu huanza baada ya wodi. Kila anaporuhusiwa, anarudi kwenye chumba kilekile kinachotazamana na cha mama. Mama ana miaka 68 na presha, naye anamlinda kama yai: anamhesabia vidonge, anamsubiri mlangoni mwa choo, na akichelewa dakika kumi dukani anatuma watoto wa jirani wakamtafute. Mdogo wangu hujibu kwanza kwa kunyamaza, kisha kwa ukali, na mwisho kwa kukataa sindano. Baada ya miezi minne au mitano tunamkuta amelala kwenye vibanda vya sokoni, tunaanza tena habari ya mgambo, kamba na gari la kukodi. Naandika neno kamba kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa mara mbili.

Tumekaa kikao cha familia na hatukuelewana. Mjomba anataka apelekwe katika soba moja iliyo mkoa mwingine, ambako wanapokea vijana wanaoacha unga na, kwa maelezo yao ya simu, "hata hawa wa akili", kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Kaka yangu anasema tumpangishie chumba. Mama anasema mtoto wake hatatupwa yeye akiwa hai. Mimi ndiye nitakayelipa sehemu kubwa, kwa hiyo wote wananitazama mimi.

Naomba kujua mambo mawili. Je, kuna makazi yaliyo katikati, yasiyo wodi wala chumba cha mama? Na je, mtu mwenye ugonjwa wa aina hii anaweza kweli kuishi katika chumba chake, au tutakuwa tunajidanganya na kumwacha aangamie?

Muuguzi Mstaafu:

Mwanangu, pole kwa mzigo. Nimefanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naweza kukuambia kwamba swali lako la kwanza ni la zamani kuliko wewe na mimi.

Nianze na soba, kwa sababu huenda mjomba ameshika simu tayari. Nyumba hizi zilianzishwa kwa ajili ya watu wanaoacha heroini na pombe, na utaratibu wake wa vikao virefu, wa mtu kukiri mbele ya wenzake na wa kukatwa mawasiliano na nyumbani kwa muda, unaweza kumfaa mtu wa namna hiyo. Mwenye skizofrenia anahitaji kitu kingine. Kabla ya kutuma hata senti, mjomba aulize ni nani atakayemchoma sindano na amesomea wapi, kama kituo kimesajiliwa, kama mgonjwa anaweza kutoka akitaka, kama nanyi mnaruhusiwa kufika bila kutoa taarifa, na kama kuna chumba chochote kinachofungwa kwa nje. Wakisita katika swali la mwisho, basi jibu mmelipata. Nasema hivi nikikumbuka yaliyotokea Afrika Kusini mwaka 2016, pale mkoa wa Gauteng ulipowaondoa wagonjwa zaidi ya 1,000 katika vituo vya Life Esidimeni na kuwagawa kwa asasi ndogo ndogo, nyingi zikiwa hazina leseni halali wala wahudumu wenye ujuzi, kwa hoja ya kubana matumizi na kuwarudisha watu katika jamii. Wagonjwa 144 walikufa, baadhi kwa njaa na kiu. Waliohamishwa waliambiwa wanakwenda "kwenye jamii". Neno hilo tusilinunue bila kufungua mfuko.

Sasa kuhusu makazi ya katikati. Hapa kwetu Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, ilikuja kuwa na kijiji chake cha marekebisho huko Hombolo, na Muhimbili ikawa na Vikuruti. Ni fikra ya enzi ambazo nchi nzima ilikuwa ikifikiri kwa vijiji: mgonjwa aliyepata nafuu asikae kitandani akihesabu mabati ya dari, bali alime, afuge, apike na akumbuke mikono yake ina kazi gani. Kabla yetu, Nigeria ilikuwa imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza utaratibu wa Aro, karibu na Abeokuta, ambapo wagonjwa walipanga kwa wanakijiji jirani na hospitali, kila mmoja akiwa na walau ndugu mmoja wa kukaa naye, wakitibiwa mchana na kurudi jioni kwenye nyumba za kawaida zenye moshi wa jikoni na watoto wanaolia. Wanakijiji walipata kodi, na wagonjwa wakapata majirani.

Udhaifu wa vijiji vya namna hii, popote vilipo, ni umbali. Mgonjwa akizoea huko, nyumbani wanazoea kutokuwa naye, shamba lake linagawanywa, na siku ya kurudi hakuna anayekuja kumpokea. Nimewaona watu waliopona wakikaa miaka kwa sababu tu hawana pa kwenda.

Lakini usidhani basi dawa ni kumweka karibu kadiri inavyowezekana. Huko London miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili, wakategemea kuwa waliorudi kwa mama au kwa mke wangefanya vizuri zaidi. Ikawa kinyume: waliokwenda kupanga chumba, au kuishi kwa ndugu wa tumbo moja, walirudi wodini mara chache kuliko wao. Watafiti waliokuja baadaye waligundua kwamba jambo zito ni lawama za mara kwa mara, au ulinzi uliopita kiasi, na kwamba hatari iliongezeka zaidi pale mgonjwa alipokaa uso kwa uso na ndugu wa namna hiyo kwa zaidi ya saa 35 kwa wiki. Hesabu saa ambazo mdogo wako anakaa na mama yako. Simlaumu mama, aliyewahi kumtafuta mwanawe sokoni usiku hawezi kulala mlango ukiwa wazi. Ila upendo wake na ugonjwa wa kijana wako vinakaa chumba kimoja na vinagombana.

Kwa hiyo tafuteni umbali unaofaa, ule wa mtu kusikia ukimwita lakini asisikie ukikohoa.

Mtanga wa Toronto:

Shikamoo mama muuguzi, na pole sana dada. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Toronto, ambako kazi yangu ni kuwatembelea wapangaji wenye magonjwa makali ya akili, hivyo nitajibu swali lako la pili.

Zamani huku walikuwa na utaratibu wa ngazi. Mtu akitoka wodini au mitaani alipelekwa kwanza kwenye bweni, akionyesha utii anapandishwa nyumba ya pamoja yenye msimamizi, akiacha pombe na kumeza dawa bila kukosa ndipo anapewa chumba chake, na akiteleza anashushwa chini. Wengi hawakufika juu. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliigeuza ngazi hiyo huko New York: mtu apewe chumba kwanza, chenye mkataba wa upangaji kama wa mtu mwingine yeyote, kisha timu imfuate humo humo na huduma, na chumba kisiwe zawadi ya kumeza dawa wala kunyang'anywa kuwa adhabu ya kuziacha. Mtu akilazwa, chumba kinamsubiri.

Kanada iliujaribu utaratibu huo kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, ukiwemo huu ninaoishi, kwa watu zaidi ya 2,000 wasio na makazi na wenye magonjwa ya akili, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu. Wapangaji walichangia kodi kwa sehemu ya kipato chao isiyozidi asilimia 30, na walitakiwa kukubali walau ziara moja kwa wiki. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopewa makazi kwanza walikuwa ndani ya nyumba muda wote, wakati kwa wale waliobaki na huduma za kawaida ni asilimia 31. Kwa hiyo, ndiyo, mtu mwenye skizofrenia anaweza kuishi katika chumba chake. Hata hivyo niwe mkweli: dalili za ugonjwa zilipungua kwa makundi yote mawili bila tofauti kubwa. Chumba kinamwezesha mtu akae mahali pamoja, aonekane na afuatiliwe, lakini sauti anazozisikia haziondolewi na chumba.

Ziara yenyewe haina mambo makubwa. Jumanne nagonga mlango, nangoja afungue mwenyewe, tunachemsha chai, naangalia kwa pembe ya jicho kama kuna chakula na kama kitanda kimelaliwa, tunazungumza habari za mpira, na nikiwa naondoka ndipo namuuliza sindano ni lini. Nikianza na sindano sifunguliwi wiki inayofuata. Mama yako huenda anaanza na sindano.

Msichoweza kukihamisha kutoka huku ni fedha, maana hapa serikali inalipa posho ya ulemavu na ruzuku ya kodi. Kinachohamishika ni kutenganisha mambo mawili: habari ya chumba isiunganishwe na habari ya dawa. Msimwambie hata siku moja, "usipochoma, unatoka."

Na jambo moja ambalo watu wa huku wangelilipia kama lingeuzwa: nina wapangaji ambao mlango wao haujawahi kugongwa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Wana ufunguo, wana jokofu, na Sikukuu wanakula peke yao. Ninyi mna sufuria la mama. Kama mtapanga chumba, kipangeni mahali ambapo sufuria hilo linafika likiwa bado la moto.

Cherehani:

Nimesoma yote kwa makini, kwa kuwa mimi ndiye huyo mdogo wako, ila ninaishi Mbeya na nina miaka 44. Nimelazwa mara sita. Mara ya mwisho ni miaka tisa iliyopita. Ninashona sare za shule.

Dada, umeandika mjomba anataka nini, kaka anataka nini na mama anataka nini. Yeye ametaka nini? Hili si suala la adabu tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 19 kwamba mtu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, sawa na wengine. Kifungu hicho kinatuhusu na sisi.

Halafu muulize kwa nini anaikataa sindano. Usiulize kama mtu anayemshitaki. Mimi niliikataa kwa sababu siku tatu baada ya kuchomwa mikono ilinitetemeka nikashindwa kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani, na kwa sababu ya mambo mengine ya kiume ambayo huwezi kumweleza mama yako. Kila mtu alisema ni ugonjwa unaorudi. Siku daktari mmoja kijana aliponiuliza mikono inafanyaje, alinipunguzia kipimo, kisha akanibadilishia dawa, na tangu hapo sijamkimbia. Miaka yote ile tulikuwa tukigombania makazi, kumbe nilikuwa nakimbia mtetemeko.

Kuhusu chumba, nakubaliana na mama muuguzi juu ya umbali. Changu kina mlango wangu wa nje, hatua kama mia mbili kutoka kwa dada yangu. Usiku wa kwanza nilifunga kitasa kwa ndani, nikakifungua, nikakifunga tena, mara kumi hivi, kwa sababu kwa miaka mingi vitasa vyangu vilikuwa vikifungwa na watu wengine.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni karatasi. Nikiwa mzima, mimi na dada yangu tuliandika dalili zangu za mwanzo, maana kila mtu ana zake. Zangu ni kuamka saa nane usiku siku tatu mfululizo na kuanza kuandika namba za magari yanayopita. Chini yake tuliandika nani apigiwe simu kwanza, nani asiitwe kabisa, nipelekwe hospitali gani, kadi yangu ya kliniki iko wapi, nani anishikie fedha na nani aje na gari. Mgambo hayumo. Karatasi hiyo imetumika mara mbili na zote nilikwenda mwenyewe, nikiwa nimekaa kiti cha mbele.

Mwisho, mtafutieni mtu aliyepitia hali hii. Kulikuwa na mradi wa UPSIDES uliowafundisha watu wenye uzoefu wa ugonjwa wa akili kuwasaidia wenzao, na Dar es Salaam na Kampala zilikuwa miongoni mwa miji yake. Mimi sikuwa humo, lakini najua kazi hiyo ina maana gani: daktari ananiambia bangi itanirudisha wodini, mwenzangu ananiambia ilivyomrudisha yeye na siku gani. Kliniki mnayohudhuria iulizwe kama kuna kikundi cha namna hiyo. Kama hakipo, siku ya sindano watu wanakaa benchi moja kuanzia saa mbili asubuhi, na kikundi huanza na benchi.

Mwenye Vyumba Sita:

Nawasalimu wote. Sina utaalamu wa tiba, lakini ninapangisha, na mtu wenu atapanga kwa mtu kama mimi, kwa hiyo niseme upande ambao haujasemwa.

Niliwahi kuwa na mpangaji wa namna hiyo bila kuambiwa. Kwa miezi saba hakuwa na tatizo, kisha usiku mmoja akaanza kugonga milango ya wenzake akisema kuna watu wanachimba chini ya nyumba. Wapangaji wenye watoto walitaka aondoke alfajiri ile ile. Nilimpigia ndugu aliyeandikwa kwenye mkataba, simu haikupokelewa, na siku ya tatu ndipo tukapata mtu. Alikuwa analipa kwa wakati kuliko wote, na leo nasema wazi kwamba sikumtoa kwa sababu ya ugonjwa, nilimtoa kwa sababu nilikuwa peke yangu na jambo nisilolijua. Ningekuwa na namba mbili zinazopokelewa saa tisa usiku, na mtu wa kufika ndani ya saa moja, angekuwepo mpaka leo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mwambieni mwenye nyumba. Lipeni pia kodi ya miezi sita mkiweza, na mpitieni mwenyekiti wa mtaa, ili siku ya kelele asiwe na habari ya kusimuliwa na wambea.

Cherehani:

Mzee, nakushukuru kwa ukweli wako, lakini tukubaliane kwa nusu. Mwenye nyumba aambiwe yale yanayomhusu, yaani namba za simu na nani anakuja, tena aambiwe na mpangaji mwenyewe akiwa amekubali. Jina la ugonjwa si la mkataba, na mwenyekiti wa mtaa halimhusu hata kidogo. Mimi niliwahi kutangazwa kwa nia njema, na kwa mwaka mzima watoto wa mtaa walinipita kwa upande wa pili wa barabara.

Muuguzi Mstaafu:

Katika hilo namuunga mkono Cherehani. Ila namba mbili za simu zinazopokelewa usiku ni nusu ya huduma yote tuliyokuwa tukiijadili hapa, na mzee wa vyumba sita amelijua hilo bila kusoma kitabu. Dada, pitia pia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu uulize habari ya msamaha wa gharama za matibabu, ili fedha mliyonayo iende kwenye kodi na chakula.

Mkazi wa Mji Kasoro Bahari:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikwenda kumuuliza, kama nilivyoelekezwa, na mazungumzo yalichukua siku mbili.

Nilimkuta anaosha vyombo nikakaa naye. Sikuanza na sindano. Kuhusu sindano alikuja kuniambia mwenyewe jioni: anasema hawezi kushika chombo cha kuunganishia waya za redio kwa wiki nzima baada ya kuchomwa, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza, nami nikiwamo. Kliniki ni Alhamisi, nitakwenda naye, lakini atazungumza yeye.

Soba ameikataa kwa sentensi moja. Kupelekwa mbali pia amekataa. Anakitaka chumba cha uani kwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambacho kina mlango wa upande wa barabara na hivi sasa kinawekewa magunia ya mkaa. Amekwisha kukipima kwa hatua na kujua meza ya redio itakaa wapi. Kodi ni 50,000 kwa mwezi. Kaka amekubali kulipa nusu, mjomba amenuna. Chakula cha jioni atakuja kula kwa mama, kwa masharti kwamba aje mwenyewe bila kuitwa. Karatasi tumeanza kuiandika. Dalili ya kwanza aliyoitaja ni kuzima redio, jambo ambalo sisi sote tulikuwa tukilifurahia tukidhani ametulia.

Limebaki jambo moja. Ametaka kuwe na ufunguo wa pili kwa ajili ya dharura, na ametaka nikae nao mimi, si mama. Nimekubali. Mama bado hajui, na kesho ni siku ya kuondoa magunia.